Hukumu na Hakimu: Yampasayo Aonaye Kuwa Amedhulumiwa Mahakamani

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhukumu baina ya waja wake kwa haki, ambaye hapana hukumu ipitayo juu ya hukumu yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na aali zake, na masahaba zake, walioamua kwa uadilifu na wakakubali kuamuliwa.

Ama baada ya haya. Katika mambo yatiayo watu fitina, hali ya kuwa mafunzo yake ni machache, ni jambo la mtu atokaye mahakamani naye aona moyoni mwake ya kuwa hakimu hakumtendea haki. Killa kesi ina mshindi na mshindwa, basi manung'uniko ya namna hii hayatakwisha madamu watu wana mali na mipaka. Lakini wenye kunung'unika hawako namna moja. Yuko aliyedhulumiwa kweli, yuko aliyekosewa bila ya kukusudiwa, na yuko ambaye haki yenyewe ndiyo iliyomuuma. Na killa mmoja katika hawa watatu hudhani kuwa yeye ni yule wa kwanza. Kwa hiyo yapasa ijulikane ni njia gani zilizo halali kwake, ni zipi zilizo haramu, na ipi itangulie nyingine.

Na ili jambo lifahamike, na utolewe mfano. Watu wa pwani waijua nchi ya Singida tangu zama za misafara, ilipokuwa njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ikipita Ugogo na Kilimatinde, ambayo leo imo katika wilaya ya Manyoni, mkoa huo wa Singida. Tangu hapo watu wa pwani wamefanya biashara huko, wameoa huko, na wameoza huko. Basi na tuseme mtu wa Bagamoyo alimwoza dada yake kwa Mwislamu wa Kinyaturu. Yule mume akafa bila ya deni wala wasia, na wazazi wake wamekwisha kufa. Akaacha mjane, na binti wawili wadogo, na ndugu zake wawili wanaume wa baba mmoja na mama mmoja. Na mali yake ni ng'ombe 48 na shamba la mtama na alizeti.

Kwa ilimu ya faraidh hesabu yake ni nyepesi. Mjane ana thumuni, kwa kuwa marehemu ana watoto. Nayo ni ng'ombe 6. Binti wawili wana thuluthi mbili. Nazo ni ng'ombe 32, killa mmoja 16. Wanaobaki ni 10, nao ni wa wale ndugu kwa uasaba, killa mmoja 5. Na shamba hugawanywa kwa mafungu hayo hayo.

Lakini wale ndugu wakenda Mahakama ya Mwanzo, wakasema: Marehemu alikuwa na jina la Kiislamu, ila aliishi kwa mila za ukoo wake, na katika ugonjwa wake alitambika. Wakataka mirathi igawanywe kwa kanuni za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 kwa ajili ya makabila yafuatayo ukoo wa baba. Na katika kanuni hizo mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Huambiwa atunzwe na watoto wake kama alivyowatunza. Nao mabinti huwekwa daraja ya mwisho. Hakimu akasikiliza mashahidi, akahukumu kuwa mila ndiyo itakayofuatwa. Mjomba wa wale watoto akapanda kutoka pwani, akakuta dada yake hana kitu. Tena akaambiwa na jirani kuwa hakimu alionekana akila chakula nyumbani kwa mmoja wa wale ndugu.

Haya, mjomba huyu afanye nini?

Jambo la kwanza limpasalo ni kujua ni kitu gani kilichoamuliwa. Tanganyika ilikuwa na mahakama za makadhi na maliwali. Ziliondolewa kwa sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1963. Zanzibar na Kenya makadhi wangalipo. Lakini asidhani mtu kuwa bara sheria ya Kiislamu haina mlango. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza mirathi inayofuata mila na mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu. Kazi ya hakimu ni kutazama marehemu alikuwa mtu wa namna gani: kabila lake, maisha aliyoishi, na nia aliyoidhihirisha katika uhai wake. Basi swali alilokuwa nalo hakimu wa Singida halikuwa kuwa Uislamu ni bora au mila ni bora. Swali lilikuwa: Mtu huyu aliishi kwa lipi?

Na swali hilo hujibiwa kwa mashahidi. Je, mjane alileta hati ya ndoa? Alimleta imamu aliyemswalisha mumewe Ijumaa? Alileta waliomwosha, wakamkafini na kumzika? Au aliingia mahakamani peke yake, akatumaini kuwa haki yake ni dhahiri hata haihitaji ushahidi? Ikiwa ndivyo, huenda hakimu hakumwonea. Huenda alihukumu kwa yaliyowekwa mbele yake, wala hana lingine la kuhukumia. Mtume mwenyewe (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Ummu Salama, iliyo katika Bukhari na Muslim, aliwaambia waliomjia na kesi kwa maana hii: kuwa yeye ni mwanadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja wao akawa hodari wa kusema kuliko mwenzake; basi atakayepewa haki ya nduguye asiichukue, kwani ni pande la moto. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu huhukumu kwa dhahiri, basi hakimu wa Singida atahukumu kwa nini?

Kwa hiyo mwenye manung'uniko na ajihukumu nafsi yake kwanza. Na ajiulize: Lau hukumu hii hii, kwa ushahidi huu huu, ingalimpa yeye na kumnyima mwenziwe, angaliiona ni dhulma? Akiona ndiyo, na aendelee. Akiona siyo, basi lililomchukiza ni kushindwa, wala kushindwa si dhulma.

Jambo la pili ni kupambanua baina ya hukumu na hakimu. Hukumu yaweza kuwa na kosa na hakimu akawa mtu mwema. Na hakimu aweza kuwa mwovu na hukumu yake katika kesi fulani ikawa sawa. Dawa ya hukumu ni rufaa. Dawa ya hakimu ni mashitaka kwa walio juu yake. Watu wengi huzichanganya dawa hizi mbili, wakamtukana hakimu katika jambo ambalo rufaa ingalitosha, wakakosa rufaa na wakapata kesi ya pili.

Ama rufaa, wako wanaodhani kuwa ni ukaidi, au kuwa ni kumvunjia hakimu heshima yake. Hawa na watazame kisa cha Nabii Daud na mwanawe Nabii Suleiman katika Suratul Anbiyaa. Nacho ni kisa ambacho mtu wa Singida angekifahamu bila ya mfasiri, kwani kesi zenyewe huziona killa mwaka: wanyama wa mtu waliingia usiku katika shamba la mtu mwingine wakalila. Wafasiri wasema ya kwamba Daud alihukumu mwenye shamba apewe wale kondoo. Suleiman akaona lililo karibu zaidi na uadilifu: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anufaike kwa maziwa na sufi zao, na mwenye kondoo alitengeneze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha killa mtu arudishiwe mali yake. Mwenyezi Mungu akataja kuwa alimfahamisha Suleiman hukumu ile, na papo hapo akataja kuwa wote wawili aliwapa hikima na ilimu. Daud hakuteremka cheo kwa kuwa hukumu yake ilitazamwa mara ya pili. Na katika hadithi sahihi, hakimu akijitahidi akapata ana ujira mara mbili, na akijitahidi akakosea ana ujira mmoja. Basi kutaka kosa litengenezwe si kumwita aliyekosa mwovu.

Wala mtu asifikiri kuwa killa hukumu asiyoipenda yastahili kubatilishwa. Wanavyuoni wa Shafi wamesema kuwa ijtihadi haivunjwi kwa ijtihadi nyingine iliyo mfano wake. Hukumu huvunjwa ikidhihiri kuwa imekhalifu nassi, au ijmaa, au kiasi kilicho wazi. Na sheria za nchi zina jambo linalofanana na hilo: mahakama ya juu haigeuzi hukumu kwa kuwa mtu amehuzunika, bali hugeuza akionyeshwa kosa. Kwa hiyo mwenye kukata rufaa na aandike kosa. Asiandike kuwa hakimu ni dhalimu, wala kuwa watu wote wajua haki ni yake. Na aandike: Shahidi fulani aliletwa, hakusikilizwa. Hati ya ndoa ilitolewa, haikutajwa katika hukumu. Hakimu alitegemea habari za kutambika, na aliyezitoa alikiri kuwa hakuziona kwa macho yake. Maneno matatu ya namna hii yafaa kuliko kurasa kumi za kulia.

Na rufaa ina siku zake. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30 tangu hukumu kutolewa. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, katika kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, vile vile ni siku 30. Kutoka hapo kwenda Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, kesi ya asili hii haipiti ila Mahakama Kuu ithibitishe kuwa limo jambo la sheria listahililo kutazamwa. Aliyechelewa aweza kuomba aongezewe muda, lakini yampasa alete sababu yenye maana; na kusema kuwa alikuwa akishauriana na jamaa haitoshi. Na ajue pia kuwa rufaa peke yake haizuii hukumu kutekelezwa. Ikiwa mali ni ng'ombe, wenye miguu na wenye kuuzika, na aombe mapema utekelezaji usimamishwe, asije akashinda rufaa na zizi limekwisha kuwa tupu.

Wazee wa Singida wakumbuka jinsi rufaa za Mahakama Kuu zilivyokuwa zikipelekwa Dodoma kwa miaka mingi, na safari ile peke yake iliwakatisha wengi tamaa. Tena hukumu nyingi ziliandikwa Kiingereza, mwenyewe aliyehukumiwa asijue alilohukumiwa nalo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa ndiyo lugha ya mahakama. Na kwa sheria ya mwaka 2017 wako wasaidizi wa kisheria wamsaidiao asiye na uwezo bila ya malipo. Basi udhuru wa kutojua umepungua, wala haimfalii mwenye haki kukaa na karatasi mfukoni mwezi mzima akimsomea killa apitaye barazani, na asimpelekee anayeweza kuigeuza.

Ama hakimu mwenyewe, mlango wake ni mwingine, na sharti zake ni ngumu zaidi. Wakati ulio bora wa kumkataa hakimu ni kabla hajahukumu. Imam Nawawi katika Minhaj ametaja kuwa hukumu ya kadhi haipiti kwa nafsi yake, wala kwa mshirika wake katika mali yao ya shirika, na kwa kauli iliyo sahihi haipiti kwa wazazi wake wala wanawe. Nayo Mahakama ya Rufani ya Tanzania imetaja sababu zimfanyazo hakimu akataliwe: kuwa na uadui baina yake na mwenye kesi, au ujamaa wa karibu na upande wa pili, au kuwa na manufaa yake katika matokeo. Aonaye sababu kama hizi na aseme mapema, hadharani, kwa adabu. Mwenye kuinyamazia akitumaini kushinda, kisha akaitoa baada ya kushindwa, amejitilia shaka mwenyewe.

Na baada ya hukumu, ikiwa yako mambo maovu ya hakimu, kama rushwa, au matusi, au kumkataza mtu kusema, mashitaka yana pa kupelekwa. Sheria ya usimamizi wa mahakama ya mwaka 2011 iliweka kamati za maadili ya maafisa wa mahakama katika mikoa na wilaya, za mkoa chini ya Mkuu wa Mkoa na za wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya. Na juu yao iko Tume ya Utumishi wa Mahakama. Rushwa hupelekwa TAKUKURU. Lakini kamati hizi hutazama mwenendo wa hakimu, hazigeuzi hukumu. Mwenye kwenda kwa kamati akaacha siku 30 za rufaa zipite, huenda hakimu akaadhibiwa na ng'ombe wasirudi.

Na mashitaka haya hayafai kwa dhana. Katika hiyo hiyo Minhaj imetajwa kuwa dai la kwamba kadhi aliye kazini amehukumu kwa jeuri halisikilizwi kwa maneno matupu. Bayana ndiyo sharti. Hikima yake ni wazi. Killa hakimu huacha nyuma yake walioshindwa, na lau killa aliyeshindwa angesikilizwa bila ya bayana, asingepatikana mtu mwema wa kushika kazi hiyo, ikabaki kwa wasioona haya. Yule mjomba aliambiwa kuwa hakimu alikula chakula kwa wale ndugu. Nani aliyeona? Siku gani? Kabla ya hukumu au baada yake? Ilikuwa nyumbani kwao, au ilikuwa arusini walipoalikwa watu wote wa mtaa? Akipata majibu na mashahidi, kusema kwake ni wajibu. Asipopata, kunyamaza kwake ndiko wajibu, na rufaa yake ingali wazi wala haihitaji neno hilo.

Kisa cha Saad bin Abi Wakkas chatosha kuwa fundisho katika haya. Watu wa Kufa walimshitaki kwa Seyyidna Omar, na Saad ni katika masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Omar hakusema kuwa mtu mkubwa kama huyu hashitakiwi. Alimwondoa kazini, akatuma watu wa kuuliza habari zake msikiti kwa msikiti. Hivi ndivyo ilivyo haki ya raia: mashitaka yao husikilizwa hata juu ya mbora. Wote wakamsifu, mpaka katika msikiti mmoja akasimama mtu akasema kuwa Saad hatoki na jeshi, wala hagawi kwa usawa, wala hafanyi uadilifu katika hukumu. Alikuwa mwongo. Saad akamwombea Mungu: ikiwa asema uwongo, arefushiwe umri, na arefushiwe ufakiri, na atiwe katika fitina. Bukhari amepokea kuwa mtu yule alizeeka hata nyusi zikamwangukia machoni, naye akiwasumbua wasichana njiani. Na akiulizwa husema kuwa yeye ni mzee aliyepatwa na dua ya Saad. Basi mlango wa kumshitaki mtawala na hakimu u wazi, lakini aingiaye kwa uwongo hubeba uwongo wake.

Sasa na zitajwe njia ambazo si njia. Ya kwanza ni kumpa hakimu wa rufaa kitu ili kulipa kwa kile alichodhaniwa kupewa hakimu wa kwanza. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji rushwa na mpokeaji, hakumtoa mwenye kudai kuwa ana haki. Tena sheria ya mwaka 2007 huwaadhibu wote wawili. Ya pili ni kwenda usiku kuwatoa wale ng'ombe zizini. Mwenye kufanya hivyo ameacha kuwa mdai, amekuwa mwizi mbele ya watu, na dada yake hatapata tena wa kumsemea. Ya tatu ni kwenda kwa waganga ili hakimu aharibikiwe. Na uharamu wake hauhitaji maelezo.

Ya nne ndiyo iliyowaganda watu wa pwani, nayo ni kumsomea hakimu Halbadiri. Hapana shaka kuwa dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Lakini sharti yake ni kuwa awe amedhulumiwa, na na huyo huyo anayemwombea maovu. Katika kisa cha Saad aliyeomba ni yule aliyesingiziwa, na aliyepatwa ni mwenye kusingizia. Basi asomaye majina ya watu wa Badri juu ya hakimu kwa neno la jirani, na aogope ni upande upi atakaosimama katika kisa hicho. Aombe Mwenyezi Mungu aidhihirishe haki, iwe kwake au iwe juu yake. Dua hiyo haina hatari.

Huenda mtu akasema: Je, si bora kusubiri na kumwachia Mwenyezi Mungu, kwani subira ni sifa ya muumini, na dunia ni ya kupita? Jawabu yake ni kuwa mtu aweza kusamehe haki yake mwenyewe, na ujira wake ni mkubwa. Lakini ng'ombe 32 katika wale 48 ni wa watoto wawili wasiojua kuhesabu. Aliyekabidhiwa mambo ya yatima hana ruhusa kusamehe mali ya yatima, wala uvivu wake haugeuki kuwa subira kwa kuupa jina hilo. Subira katika jambo hili ni kupanda ngazi za mahakama bila ya kutukana, na kurudi tarehe ya pili kesi ikiahirishwa, na tarehe ya tatu, na kutafuta shahidi kijiji kwa kijiji. Mwenye kukaa nyumbani hakusubiri, amechoka tu.

Na mlango wa sulhu haufungwi wakati wowote. Abu Daud amepokea ya kuwa watu wawili walimjia Mtume (s.a.w.) wakigombania mirathi ya zamani, wala hapana mwenye ushahidi. Alipowaonya juu ya lile pande la moto, wote wawili walilia, killa mmoja akasema kuwa haki yake ampe mwenziwe. Mtume akawaamuru wagawane, watafute lililo haki, wapige kura, kisha killa mmoja amhalalishe mwenziwe. Baba wadogo wa wale mabinti ni ndugu wa baba yao. Yule mjomba akiwaendea pamoja na mzee wa msikiti, akawaonyesha hesabu, na kuwaambia kuwa wao nao wana ng'ombe 10 halali, huenda wakapendelea 10 wenye baraka kuliko 48 wenye moto. Na wakikataa, siku za rufaa zingali zikihesabiwa. Asiache sulhu ikawa njia ya kumpitishia muda.

Na ikiwa milango yote imepigwa hodi, na hukumu ya mwisho imekwisha kutolewa, naye angali aona kuwa haki yake imekwenda, yamebaki mambo mawili. La kwanza ni kujua kuwa katika madhehebu ya Shafi hukumu ya hakimu haiihalalishi haramu katika batini. Mwenye kuchukua ng'ombe wa yatima kwa kutoa ushahidi wa uwongo, hata kama ana karatasi yenye mhuri, deni lingali shingoni mwake mpaka alilipe au asamehewe na mwenyewe. Maneno haya na yawafikie walioshinda pia, kwani nasaha za mambo haya huelekezwa kwa walioshindwa tu, na mshindi ndiye mwenye hatari kubwa zaidi.

La pili ni kuwa hukumu isiyo na kosa la hakimu huenda ikawa na kosa la kanuni, na kanuni hugeuzwa na watungao sheria. Mwaka 1894 Baraza la Mfalme huko London, katika kesi iliyotoka Bengal, lilihukumu kuwa wakfu aliouweka mtu kwa kizazi chake, na maskini hawaupati ila kizazi kikatike, ni batili. Waislamu wa Bara Hindi wakaona kuwa majaji wa kigeni wamewafundisha dini yao. Mahakama za Afrika ya Mashariki nazo zikaifuata rai hiyo katika wakfu za watu wa pwani, hali ya kuwa madhehebu ya Shafi yaukubali wakfu huo. Wanavyuoni na mawakili wa Hindi hawakuchoma mahakama. Waliandika, wakakusanya rai za maulamaa, na Muhammad Ali Jinnah, wakili wa Bombay, akapeleka mswada katika baraza la kutunga sheria. Na mwaka 1913 ikapita sheria ya kuusahihisha wakfu huo. Ilikuwa ni miaka 19. Basi ikiwa kanuni za 1963 zawanyima wajane wa Kiislamu thumuni yao, kuna njia ya kusema katika hilo, nayo ni ndefu, na wapitao ndani yake ni wale wasiokata tamaa wala kuvunja adabu.

Na lililo jepesi kuliko yote ni lile la kabla ya kesi. Mwislamu akaaye Singida, au popote, naye ajua kuwa jamaa zake hawashiki dini, na aandike wasia wenye mashahidi ya kuwa mali yake igawanywe kwa faraidh. Na aihifadhi hati ya ndoa yake mahali mkewe apajuapo. Karatasi hizo mbili zingalimtosheleza yule hakimu kwa asubuhi moja, na mjomba asingalipanda safari ile.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Awape mahakimu uoni na khofu yake, na awape washitaki insafu juu ya nafsi zao. Amin.